Udongo wa Kwao

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi ziwani. Maji yamerudi nyuma mapema mwaka huu. Nimechimba palepale pa kila mwaka, mto unapoingia ziwani. Udongo wa pale hauna mchanga. Mweupe, laini, unateleza vidoleni. Wa ng'ambo unakwaruza meno, ule ni wa kupaka nyumba tu.

Nimeukanda, nimeukata vipande vya urefu wa kidole, nimeuanika kwenye ungo. Kesho moshi wa jikoni, kisha unasafiri. Nimeonja kimoja. Mtamu. Una harufu ya mvua ya kwanza.

Huu ni wa Zainabu. Mwanangu wa pekee, yuko Newala mjini kwa mumewe. Mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Bi Asumini, somo wake aliyemfunda unyagoni, anasema sababu anaijua: binti alikula udongo wa dukani, haujui hata ulitoka wapi. Mimba hushikwa na udongo wa kwao, uliochimbwa na mkono wa mama yake. Basi mkono wa mama umechimba. Mgongo unauma.

Watu wa juu milimani wanatucheka sisi wa bondeni kwamba tunanuka kambale. Udongo wetu lakini wanautafuna hadi Makote.

Daftari hili ni la marehemu mume wangu, mwalimu. Aliacha mengi matupu. Nayamaliza mimi, nani atanikataza.

Alhamisi, 6 Juni

Wageni. Watatu, wa chuo huko Dar, na mtumbwi wa mpira wa kujaza upepo. Wanapima kama maji ya ziwa yana madini mazito. Mtendaji wa kijiji kawaleta kwangu kwa sababu nina vyumba vya sakafu ya saruji. Hakuniuliza. Nitapika mimi, shukrani atapokea yeye.

Mkubwa wao ni msichana, Rehema, rika la Zainabu. Ana heshima, anaamkia mpaka chini. Wenzake wawili hawasemi, wanabeba. Wamechota maji katikati, wamechota pembeni, wamechota mtoni. Wamechota na tope, kwa chombo kama kijiko kirefu chenye mfuniko. Nimecheka peke yangu. Kutoka Dar mpaka huku kufuata tope.

Ijumaa, 7 Juni

Mkutano baada ya sala. Rehema aliuliza swali moja: ziwa hili mnalitumia kwa mambo gani? Wanaume wakajibu. Maji ya kunywa. Kambale na perege. Mpunga. Kunywesha mbuzi. Mzee mmoja akasema kuoga, watu wakamwambia haionekani.

Udongo haukutajwa. Wanawake tulijaa mkeka upande wetu, nusu yetu tuna kipande kwenye pindo la kanga. Tukanyamaza. Mambo ya mimba hayasemwi mbele ya wanaume. Tena mkwe wangu Hamisi alikuwepo, ameshuka kupulizia salfa mikorosho yake. Mimi na yeye hata macho hatupeani, nitaanzia wapi kutaja anachotafuna mkewe.

Rehema aliandika: maji, samaki, mpunga, mifugo. Akashukuru.

Jumapili, 9 Juni

Wameondoka. Kabla ya kuondoka Rehema aliona ungo wangu jikoni. Akashika kipande, akasema bibi yake naye alikuwa anapaka nyumba kwa udongo mweupe. Nikamwambia ndiyo, unapendeza ukutani. Si uongo.

Kifurushi cha Zainabu kimepanda na Hamisi, chini ya mihogo mikavu. Alikuta kikapu mlangoni, akabeba, hakuuliza. Mkwe mwenye adabu.

Jumamosi, 6 Julai

Zainabu kapiga simu. Mtoto anacheza. Hajafika miezi hii hata mara moja, zile mbili zilitoka mapema. Sauti yake imejaa. Bi Asumini kampelekea salamu kwamba asikose udongo hata siku moja. Anataka mwingine, ule wa kwanza kaumaliza.

Nimefurahi mpaka nimesahau chumvi kwenye mboga. Kesho ziwani tena.

Jumatano, 24 Julai

Rehema karudi na majibu. Mkutano mkubwa, watu wa wilaya na gari lao. Maji ya ziwa yako salama. Yamo ndani ya viwango. Watu walipiga makofi, mama mmoja akapiga vigelegele. Mtendaji akasimama akasema alijua tangu mwanzo. Ngoma ikatolewa.

Baadaye Rehema alikaa nami jikoni ananisaidia kuchambua kisamvu. Hakuwa na furaha. Akanieleza taratibu. Huko juu mtoni, upande wa Masasi, wanachenjua dhahabu. Wanasaga mawe, wanamwaga zebaki, wanaosha mtoni. Kuna na watu wanayeyusha betri chakavu. Walichota juu ya hao watu, mto msafi. Wakachota chini yao, mchafu. Uchafu unakuja na maji ya masika mpaka ziwani. Ukifika pale mto unapotulia, unazama. Madini mazito hayaelei. Yanakaa kwenye tope lile laini kabisa, lisilo na mchanga. Maji ya juu yanabaki meupe, mtu anachota anakunywa. Tope la chini ndilo lenye zebaki na risasi, na hakuna pabaya kama pale mdomoni mwa mto.

Akasema na kambale wapunguzwe, wanaishi topeni. Nikamuuliza tutakula nini. Akachambua kisamvu.

Kisha akasema, "Bahati nzuri mama, tope haliliwi."

Kisamvu kilinitoka mkononi.

Alhamisi, 25 Julai

Nimemwambia. Asubuhi, begi lake likiwa mgongoni. Nilileta ungo nikauweka mbele yake. Nikasema hatupaki nyumba kwa huu. Tunakula. Wenye mimba ndio wanakula zaidi. Mwanangu anakula.

Alikaa chini kwenye kizingiti. Akauliza tangu lini. Tangu tupo. Mimi niliula kwa Zainabu, mama yangu aliula kwangu. Wakati huo dhahabu haikuwepo, akasema, kama ananitetea. Akachukua vipande vitatu akavifunga kwenye mfuko wake wa nailoni.

Nikauliza kuhusu Zainabu. Aache leo. Kipo kipimo cha damu lakini si huku, hata kwa Mtwara hana hakika, labda Dar. Na kilichokwisha kuingia? Akasema kinakaa kwenye mifupa, na mimba inachota kwenye mifupa ya mama. Nikauliza dawa. Akatazama gari.

Nilimchukia kwa muda mfupi. Kisha nikamfungia karanga za njiani.

Jumamosi, 27 Julai

Kwa Bi Asumini. Mimi mama siwezi kumwambia binti yangu habari za mimba yake, kazi hiyo ni ya somo wake. Ndivyo tulivyolelewa. Somo akisema acha, Zainabu ataacha. Basi nikaenda na kuku.

Kuku alipokea. Maneno hakupokea. Nilieleza yote, dhahabu, zebaki, tope. Alisikiliza amefumba macho. Akauliza huyo Rehema ameolewa? Hajaolewa. Ana mtoto? Hana. Akafungua macho.

"Mama Zainabu, mwanao mimba hii imefika wapi?"

Mwezi wa sita.

"Na zile za udongo wa dukani zilifika wapi?"

Zilitoka mapema. Akasema Nnungu, Mungu wetu, akikupa mkono wa kushoto usiuone wa kulia, sijui ametoa wapi msemo huo, nadhani ameutunga palepale. Akasema atamwambia Zainabu aongeze.

Nimerudi nimekasirika. Zaidi kwa sababu alichouliza kina akili.

Jumatatu, 29 Julai

Nimevunja mwiko. Nimempigia Zainabu mwenyewe. Nimesema usile tena ule udongo, una sumu.

Nilidhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Lakini mama, umeuchimba wewe."

Nikasema ndiyo. Akasema somo kamwambia vingine jana. Nikasema najua. Akaanza kulia, mimi nikaanza kulia, watu wawili wazima tunaliana kwenye simu. Mwisho akaahidi ataacha. Kwa sauti ile ile aliyokuwa anaahidi utotoni kutochuma mabibo ya jirani.

Ninaona haya kukutana na Bi Asumini kisimani.

Jumamosi, 10 Agosti

Zainabu hawezi. Amejaribu. Anasema mate yanajaa, usingizi hauji, anatamani hata kulamba ukuta mvua ikinyesha. Namjua. Nilikuwa hivyo.

Nikafikiri basi nimtafutie mwingine. Nimepanda hadi Chilangala, nimechukua udongo wa kichuguu chenye afya, mbali na mto wowote. Nimeukanda vizuri, nimeufukiza. Nimempelekea mwenyewe. Akaonja mbele yangu kwa heshima. Mwekundu, una mchanga. Akatafuna kama anayetafuna dawa. Akasema ahsante mama. Sikusubiri aseme zaidi.

Kurudi nikapitia sokoni. Mama Shaibu, muuza udongo, ametandaza wa kwetu. Niliutambua kwa mbali, weupe ule. Kachimbiwa na watoto wa kijiji chetu. Wasichana wawili wenye matumbo walikuwa wanachagua. Mmoja anagonga kipande kwa kipande asikie mlio.

Nilinunua wote, sinia zima. Njiani nikautupa kwenye shimo la choo cha stendi. Nimejisikia nimefanya jambo.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimerudi Newala. Mama Shaibu ana masinia mawili. Alinikaribisha kwa tabasamu, akaniita mteja. Anasema udongo wa bondeni siku hizi umechangamka, wiki jana ulikwisha kabla ya adhuhuri, kaagiza mara mbili.

Nimecheka pale sokoni mpaka nikakaa kwenye gunia la mtu. Akafikiri nina wazimu. Nikamwambia ukweli, kwa sauti, kwamba huo udongo una sumu ya dhahabu. Akakasirika. Akauliza mbona juzi niliununua wote. Watu wakasimama kusikiliza. Nilisema niliutupa. Mwanamke mmoja akasema wivu wa biashara huo, huyu si ndiye anachimba mwenyewe?

Ndiye. Alisema kweli.

Jumatano, 4 Septemba

Ofisini wilayani. Kijana safi, shati limepigwa pasi. Shikamoo yake ilikuwa nzuri, niseme haki. Alinisikiliza. Akasema mama, maji yenu yamefaulu. Nikasema sizungumzii maji. Akasema idara yake ni maji. Udongo ni afya.

Afya ni jengo la pili. Muuguzi pale kachoka, mguu kauweka juu ya boksi. Akasema udongo wanaukataza kila kliniki, kwa ajili ya minyoo na damu. Hawasikii. Hata yeye alikula, kwa mtoto wake wa pili. Nikamwambia huu una zebaki. Akasema hao wa dhahabu ni wizara nyingine.

Nimempigia Rehema. Anasema anaandika ripoti. Vile vipande vitatu amevipima, ni vibaya kuliko tope lenyewe. Kwa sababu tunachagua ule laini. Yaani tunavyochagua vizuri ndivyo tunavyozidi kuharibu. Alisema pole. Nimechoka na pole.

Ziwa limetulia jioni ya leo, linapendeza. Nimelitukana.

Jumapili, 15 Septemba

Nilikwenda mdomoni mwa mto, nikamkuta Mama Salma jirani yangu anachimba. Nikamwambia tena. Akasema nimesikia dada. Akaendelea kuchimba. Akasema tukiacha udongo, na kambale, na mpunga, tutahamia wapi? Juu hakuna maji, wanashuka kwetu kuyafuata. Hakuwa anabishana. Alikuwa anauliza.

Nikamsaidia kujitwisha. Kikapu kilikuwa kizito, na peke yake asingeweza.

Alhamisi, 26 Septemba

Hamisi kapiga simu. Yeye mwenyewe, kwangu mimi, haijawahi kutokea. Zainabu yuko hospitali. Wiki zake hazijatimia. Nimepata bodaboda. Naandika kwenye benchi la nje, wamenizuia kuingia.

Bi Asumini amefika pia. Amekaa benchi lile lile, mwisho kule.

Ijumaa, 27 Septemba

Hakulia.

Wa kike. Kucha zote zipo. Tulimwosha mimi na Bi Asumini.

Daktari nilimuuliza ni udongo? Akasema huwezi kujua. Ni damu ndogo, ni presha, ni Mungu, inawezekana ni udongo, hakuna kipimo. Alikuwa mpole. Ningependa awe mkali, nimpate wa kugombana naye.

Zainabu yu hai. Nashukuru. Naandika nashukuru kwa sababu ndivyo inavyotakiwa.

Jumamosi, 28 Septemba

Tumemzika bondeni, kwa ukoo wa mama yake, ndivyo ilivyo kwetu. Wanaume walichimba karibu na ziwa, ardhi ni laini. Chini kidogo ikatoka nyeupe.

Msibani wanawake wamejaa ukumbi. Bi Asumini alisema mbele ya wote, bila hasira, na hilo ndilo baya.

"Mtoto alinyimwa udongo wa kwao. Akapewa wa kichuguu."

Hakuna aliyenitazama. Wote walijua.

Zainabu alikuwa amelala chumbani. Mlango ulikuwa wazi. Sijui alisikia. Nilitaka kusimama niseme habari za zebaki, za mifupa, za karasha zinazosaga mawe huko juu. Ningeyasema kwa nani? Wameshapata jibu, tena ni jibu lenye matumaini. Kwa jibu lao kuna mimba ya nne itakayotunzwa vizuri. Kwa jibu langu hakuna kitu.

Na sina hakika. Hilo ndilo linalonila. Hakula huu wa ziwa miezi miwili ya mwisho, au ndivyo alivyoniambia. Kabla ya hapo alikula kwa mkono wangu. Hakuna atakayenieleza ni lipi.

Jumanne, 1 Oktoba

Rehema katuma ujumbe. Ripoti imepokelewa. Sikumjibu.

Mikorosho imeanza kudondosha. Hamisi ameshuka kumtazama mkewe, akasimama uani, ameinamisha kichwa, nami nimeinamisha changu. Ameacha sukari. Ameniambia kwa kupitia mlango kwamba hanilaumu. Nimejibu kwa kupitia mlango.

Jumapili, 13 Oktoba

Zainabu anapumzika kwangu mpaka arobaini. Anakula kidogo. Leo aliniosha miguu, sikumwomba.

Alasiri nilikwenda nyuma ya jiko kuchukua kuni. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, anatazama ziwa. Mdomo unatafuna taratibu. Mapajani ana vipande viwili vyeupe. Kumbe juu ya dari, kwenye moshi, kulibaki kikapu changu cha mwezi wa sita. Nilikisahau.

Hana mimba sasa. Nikasema Zainabu. Akasema, "Nimezoea tu mama."

Nilitaka kumpokonya. Nikakaa karibu naye kwenye kivuli. Chini pale wanawake walikuwa wanapanda kutoka ziwani na ndoo. Maji meupe kabisa, yanameremeta kwenye ndoo zao.

Akanyoosha mkono akanipa kipande kimoja, kama anavyopewa mtu aliyekaa nawe.

Nikapokea. Nikatia mdomoni.

Mtamu vilevile.